Mashine Iliyomnyooshea Mzee Kidole

Kwetu Vumilia hatunyoosheani vidole. Mgeni akiuliza njia ya sokoni tunamwonyesha kwa midomo: mtu anaichomoza kidogo upande unaohusika, mgeni akielewa anakwenda, asipoelewa anakwenda vilevile. Kidole ni cha mtoto asiye na malezi na cha ugomvi wa wake wenza. Kumnyooshea mkubwa kidole ni kosa la jinai, Kifungu cha Kumi na Mbili, na kifungu hicho kinalinda pia nyumba yake, ng'ombe wake, na gari lake, hata kama gari lenyewe limekugonga.

Nayasema haya mapema msije mkatuona watu wa ajabu. Sisi ni watu wa heshima. Mimi mwenyewe ni karani daraja la tatu katika Wizara ya Hewa na Mambo Yasiyoonekana, huu mwaka wa kumi na tisa, na sijapata kumnyooshea mtu kitu chochote, hata kalamu.

Hewa yetu ni safi. Hilo halina mjadala, kwa sababu limo kwenye Katiba. Ni kweli kwamba shati jeupe ukilivaa asubuhi hufika nalo ofisini likiwa na rangi ya majivu, lakini Bunge lilishalitatua tatizo hilo kwa kupitisha rangi iitwayo Nyeupe ya Kitaifa, ambayo ukiiweka karibu na majivu huoni tofauti. Ni kweli pia kwamba wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Methali hiyo iliondolewa kwenye vitabu vya shule baada ya kubainika kuwa inawafundisha watoto upelelezi.

Basi katika mtaa wa Vumbini kuna kiwanda cha kuyeyusha vyuma kiitwacho Fahari. Bomba lake ni refu kuliko jengo lolote nchini, na kinachotoka humo ni cheusi, kizito, na ukikimeza kina ladha ya msumari. Wizara hukiita Pumzi ya Maendeleo. Watu wa Vumbini wana jina lao, ambalo karani wa serikali hawezi kuliandika. Mwenye kiwanda ni Mzee Ngwalanje, miaka themanini na mmoja, Mlezi wa Chama Tawala, Mlezi wa Timu ya Taifa, na Mlezi wa Umoja wa Walezi.

*

Mashine tulipewa na marafiki wa nje, watu wakarimu wasiojua kunyamaza. Walitueleza kazi yake mara tatu, na mara ya tatu nikaelewa. Setilaiti hupita juu yetu kila siku saa nne na nusu asubuhi, ikapiga picha. Picha zikishuka, akili mnemba huzisoma: inatazama moshi umetanda wapi, upepo ulivuma kutoka wapi, inaurudisha moshi nyuma hatua kwa hatua mpaka pale ulipozaliwa. Kisha inaweka alama kwenye ramani. Tulishukuru sana. Tulidhani itaonyesha moshi wa nchi jirani.

Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Lukindo Mashauri, aliita taifa zima ukumbini kushuhudia.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo tumelipeleka jicho letu mbinguni! Nchi nyingine zina macho mawili, sisi tuna matatu. Kuanzia leo mchafuzi wa hewa hana pa kujificha, awe nani, awe wapi, awe na mjomba gani!"

Tukapiga makofi. Neno lile la mjomba liliwashtua wachache, lakini nao wakapiga.

Mwendeshaji wa mashine alikuwa Injinia Sikudhani, mwanamke mwembamba aliyesoma mbali na kurudi na tabia ya kujibu swali lililoulizwa. Akabonyeza. Ramani ya Vumilia ikajaa ukuta mzima. Moshi ukaonekana mwekundu, kama uji wa mtama uliomwagika. Halafu ikatokea alama. Mafundi wa huko nje, ambao hakuna aliyewalea, walikuwa wamechagua mkono mweupe ulionyoosha kidole.

Kidole kikatembea. Kikapita baharini, kikapita mashambani, kikaingia Vumbini, kikatua juu ya bomba la Fahari. Na kwa kuwa mashine ile ilikuwa na bidii, ikaandika chini yake jina la mwenye mali.

Mzee Ngwalanje alikuwa mstari wa mbele, katikati ya wake zake wawili.

"Huyu ni mtoto wa nani?" aliuliza.

"Si mtoto, Mzee wangu," alisema Waziri huku jasho likimtoka. "Ni mashine."

"Ana umri gani?"

Waziri akamtazama Injinia Sikudhani.

"Shikamoo, Mzee," alisema Sikudhani. "Ina miaka miwili."

Shikamoo haikujibiwa. "Miwili! Mimi nina themanini na mmoja, halafu wa miaka miwili ananinyooshea kidole mbele ya wake zangu?"

Waziri akapiga magoti papo hapo, akaomba radhi kwa niaba ya setilaiti. Alipoinuka akaligeukia taifa, macho yamemwiva. "Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hiki kimoja kinataka kuvunja kiwanda!"

Naomba nieleweke. Katika ukumbi ule wa watu mia sita hakuna hata mmoja aliyesema mashine imekosea. Kosa lilikuwa malezi.

*

Ikaundwa Kamati ya Adabu ya Mashine: makungwi wawili, mwalimu wa nidhamu mstaafu, kadhi, mchungaji, na Waziri mwenyewe kitini. Mimi niliandika kumbukumbu.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," alifungua Waziri. "Huyu mama hana, na ulimwengu ndio uliomharibu. Amebaki na sisi."

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuufuta mkono na kuweka midomo, kama watu waungwana. Injinia Sikudhani akachora midomo mizuri tu, akaichomoza. Saa nne na nusu midomo ikasafiri kwenye ramani mpaka kwenye bomba la Fahari, ikatulia pale, na kwa dakika nzima taifa likashuhudia Jicho la Mbinguni likimbusu Mzee Ngwalanje. Mzee mwenyewe hakulalamika. Aliyelalamika ni mke mdogo.

Pendekezo la pili lilikuwa mashine iamkie kwanza. Ikafundishwa kusema "shikamoo, Mzee" kwa sauti ya kike kabla ya kuonyesha. Mzee alikataa kuitika marahaba. Alisema hiyo ni sawa na mtu anayekubishia hodi kwa upole ili aje akuibie.

Pendekezo la tatu lilitoka kwa Waziri, na ndilo lililopita. Mashine ipewe orodha ya wakubwa: kila aliyetimiza miaka sitini, kila Mheshimiwa, kila Dakta, kila Mlezi. Ikikuta moshi unatoka kwa aliyemo kwenye orodha, iteremshe kidole taratibu, kwa adabu, mpaka kimfikie mtu wa karibu asiye na cheo aliyewasha kitu chochote.

"Mheshimiwa," alisema Injinia Sikudhani, "moshi hautahama. Kitakachohama ni kidole."

"Ndicho tunachotaka, binti yangu."

"Na huyo atakayeangukiwa nacho?"

"Atapata nafasi ya kulitumikia taifa."

Akaandikiwa barua ya kuchagua kati ya kuifundisha mashine na kuhamia Idara ya Visima Vilivyokauka. Alikaa na barua ile mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akainuka akabonyeza. Nilimwona mkono ukimtetemeka, na katika kumbukumbu nikaandika kwamba ulitetemeka kwa furaha.

*

Kesho yake saa nne na nusu kidole kilifika kwenye bomba la Fahari, kikasita, kikainama, kikashuka bomba zima mpaka chini, kikavuka ukuta, kikatua nje ya geti kwenye mafiga matatu ya Bi. Somoe.

Bi. Somoe alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Umri wa heshima unaanza sitini. Alikuwa amebakiza miwili. Kamati ilijadili kama "Bi." ni cheo, ikaamua si cheo. Marehemu mumewe alifanya kazi Fahari miaka ishirini na miwili, akafa akikohoa kitu cheusi, na kiwanda kikampa mjane rambirambi ya aina yake: ruhusa ya kukaanga mihogo getini. Mafiga yale yalikuwa ndiyo shamba lake na ndiyo pensheni yake. Yakiondoka, hana kitu.

Tulikwenda watatu: Bwana Tindwa mkaguzi wa hewa, askari mmoja, na mimi na daftari langu.

"Karibuni, wanangu. Ya moto hii, na kachumbari ipo."

"Hatukuja kula, Mama," alisema Bwana Tindwa, ingawa kipande kilikuwa tayari mkononi. "Setilaiti imekuona."

"Imeniona nafanya nini?"

"Unatoa tani elfu nne za moshi kwa siku."

"Tani ndiyo dude gani?"

"Magunia kumi."

Bi. Somoe akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaendelea kwa vipande vya mihogo. "Magunia elfu arobaini! Baba, mimi nakaanga debe moja, na likibaki nawagawia majirani. Hayo mengine nayaficha wapi, kwenye kanga?"

"Usibishane na setilaiti, Mama. Imetoka mbali."

"Ingekaribia basi, ione vizuri." Kicheko kikamgeukia kikohozi, akainama, akashika ukuta. Alikohoa muda mrefu mpaka Bwana Tindwa akaacha kutafuna. Aliponyanyuka machozi yalikuwa yanamtoka. "Hivi nyie hamna macho? Moshi si ule pale?"

Na akanyoosha kidole. Mkono mzima, mbele ya askari, kuelekea bomba la mtu wa miaka themanini na mmoja. Shitaka la kwanza lilikuwa moshi. La pili askari aliliandika palepale, akaomba mhogo mmoja wa njiani.

*

Kesi ilisikilizwa na Baraza la Hewa. Injinia Sikudhani aliitwa kama mtaalamu, nadhani kwa bahati mbaya.

"Waheshimiwa," alisema, "naomba jaribio dogo. Bi. Somoe asiwashe moto siku tatu. Moshi ukitoweka, ni wake. Usipotoweka, si wake, aachiwe mafiga yake."

Baraza likakubali mara moja, kwa sababu halikuelewa.

Nilitumwa kukaa naye nishuhudie. Siku tatu Bi. Somoe alikaa kwenye kigoda chake mbele ya jiko baridi, mikono mapajani, akiwaambia wateja wapite tu. Alikula alicholetewa na majirani. Siku ya pili alinigawia nusu. Siku ya tatu nikatia kiganja changu kwenye majivu, nikayakuta baridi kama mtungi.

"Andika hivyo," aliniambia.

"Nimeandika, Mama."

"Soma nisikie."

Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Basi yamekwisha. Kitu kikishaandikwa hivyo, watasema nini tena?"

Siku zote tatu, saa nne na nusu, kidole kilishuka palepale. Tani elfu nne. Elfu nne na mia moja. Elfu nne na mia tatu, maana siku ile Fahari walikuwa na oda kubwa.

Injinia Sikudhani akatundika picha tatu ukutani mbele ya Baraza. "Jiko limezimwa, waheshimiwa. Karani ametia mkono kwenye majivu. Moshi upo vilevile." Bi. Somoe akatabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kutabasamu naye.

Baraza likaenda kula. Liliporudi, mwenyekiti akavaa miwani.

"Baraza limeshtushwa sana," alisoma, "kugundua kwamba jiko la mshitakiwa hutoa moshi mwingi zaidi likiwa limezimwa. Katika historia ya nchi hii hatujapata kuona jiko hatari kama hili, lisilodhibitika hata kwa kuzimwa. Baraza linaamuru mafiga yateketezwe hadharani. Baraza linampongeza mtaalamu kwa ushahidi uliolisaidia kufikia uamuzi huu, na linampeleka Idara ya Visima Vilivyokauka kuanzia leo."

"Na mimi nitakula nini?" aliuliza Bi. Somoe.

"Baraza hili linahusika na hewa," alisema mwenyekiti, bila ubaya wowote. "Chakula ni wizara nyingine."

*

Siku ya Kuzima ikafanywa sikukuu. Tatizo dogo lilijitokeza: jiko lilikuwa limezimwa tayari, na Waziri hawezi kuja na msafara wa magari kumi na moja kuzima kitu kisichowaka. Bi. Somoe akaamriwa aliwashe mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye ujuzi. Akapuliza, akakohoa, akapuliza, moto ukashika.

Bendi ikapiga. Mzee Ngwalanje alikuwa mgeni rasmi, na kiwanda chake kwa heshima ya siku hiyo kilipiga king'ora na kutoa moshi maradufu, hata wapiga tarumbeta wakapoteana. Waziri akahutubia kutoka mahali fulani gizani. Tulimsikia akisema anaona mbingu imeanza kutakata. Kisha akaletewa ndoo, akamwaga maji, na mafiga yakapasuka kwa mlio.

Bi. Somoe alilia kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Nasema wazi, niliumia moyoni. Lakini nilikuwa kazini, nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Kesho yake kidole kilishuka, kikakuta mafiga hayapo, kikasogea kwa fundi wa kuchomelea mageti. Tukamfungia karakana. Kikaenda kwa mchoma mahindi, kwa mwokaji mikate, kwa chetezo cha bibi harusi aliyekuwa akifukizwa udi kwa shangazi yake. Harusi tuliiahirisha. Baada ya miezi miwili Vumbini nzima haikuwa na cheche hata ya kiberiti. Watu walikuwa wanaloweka mchele tangu asubuhi ili ulainike. Moshi ulikuwa umeongezeka.

Ndipo asubuhi moja kidole kilipozunguka mtaa mzima mara mbili bila kupata moto wowote, kikasimama katikati, kikaandika: Chanzo: wakazi.

Injinia mpya, mpwa wa Mzee Ngwalanje, kijana mwenye miwani ya jua, alieleza kwamba hilo linaeleweka kisayansi. Watu elfu kumi na moja wanatoa hewa chafu usiku na mchana bila kibali. Waziri alishtuka. Alikuwa hajui kwamba jambo hilo limeendelea muda wote ule. Jioni ileile akatia saini Waraka Namba Tisa: kila mkazi wa Vumbini apunguze kupumua kwa theluthi moja, watoto chini ya miaka mitano kwa robo, na saa nne na nusu setilaiti ikipita wote wabane pumzi.

Mimi ndiye niliyetumwa kuusoma.

*

Nilifika Vumbini na kipaza sauti nikakuta barabara imejaa watu. Nikafurahi kwamba wamejitokeza kunisikiliza. Walikuwa wanatoka makaburini.

Nikausoma Waraka mpaka mwisho, pamoja na jina la mpiga chapa. Hakuna aliyezomea. Bi. Somoe alikuwa mbele. Alikuwa amekonda, kanga ameishikilia mdomoni, na mwanawe Mwanakombo amemshika kiuno asianguke.

"Rudia hapo pa kupumua," alisema. "Sikusikia vizuri."

Nikarudia.

"Mwambie Mheshimiwa," alisema, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "hakuwa na haja ya kusumbuka na waraka. Sisi tulishaanza zamani. Ijumaa aliacha mwalimu Kihiyo. Jumapili wakaacha pacha wa Mwanamtama, wote wawili, na hawakuwa na mwaka. Leo tumemzika fundi wa mageti. Hawa hawakupunguza theluthi, mwanangu. Wameacha kabisa. Andika."

Niliandika. Ndiyo kazi yangu. Taarifa ikamfikia Waziri siku ya pili, akaisoma akiwa amesimama, akagonga meza kwa furaha. Alisema katika utumishi wake wote hajapata kuona mtaa wenye mwitikio kama huo. Akauliza kama mitaa mingine inaweza kupelekwa kujifunza kwao. Palepale ikaandaliwa hati ya pongezi, karatasi nene, nembo ya dhahabu, kwa jina la Bi. Somoe, mkazi mfano, na mimi nikapewa niipeleke kabla wino haujakauka.

Nilipofika nikakuta mkeka umetandikwa uani, wanawake wameketi wamejifunika kanga, na Mwanakombo amesimama mlangoni, macho makavu. Nikamwambia nimeleta hati ya Mama kutoka kwa Mheshimiwa, na kwamba lazima aipokee mwenyewe.

"Mama ametekeleza alfajiri," alisema. "Yote."

Nikaiviringisha hati. Kisha nikarudi nayo ofisini, maana fomu ya mapokezi inataka saini ya mhusika.